Mbuzi Asiyefaa Kuchinjwa

Mbuzi watano walikuwa wameibwa, na watano walioachwa walikuwa wanajikuna.

Inspekta Naima Marijani aliwatazama hao waliobaki. Ilikuwa Jumapili asubuhi, Kinyerezi, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, na mitambo ya umeme wa gesi ilivuma nyuma ya ukuta kama kawaida yake. Uani kulikuwa na mabanda mawili ya mbao. La mbele, karibu na geti, lilikuwa na mbuzi wenye hereni za njano masikioni. Manyoya yao yalikuwa yamenyonyoka ubavuni, ngozi imefanya magamba, na mmoja alijisugua kwenye nguzo mpaka banda zima likatikisika. Banda la nyuma lilikuwa tupu.

"Wamechukua wenye hereni za bluu," alisema Daktari Fredrick. "Wote."

Daktari Fredrick alikuwa mtafiti mkuu wa kituo hicho kidogo, mtu wa Masasi, mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alieleza taratibu, maana alishazoea kuwaeleza wasio wataalamu. Alikuwa akitengeneza chanjo ya upele. Kwanza ya mbuzi, baadaye, Mungu akipenda, ya watu. Wenye hereni za bluu walikuwa wamechanjwa, wenye njano hawakuchanjwa. Kisha wote wakapakwa ubavuni wadudu wa upele, wale wadogo wanaochimba ndani ya ngozi, ikabaki kusubiri nani ataugua na nani hataugua.

"Na hao wa bluu?" aliuliza Naima.

"Walikuwa safi kabisa."

Wafadhili walikuwa wanaleta wakaguzi baada ya sikukuu, waje kuwatoa mbuzi damu na kuthibitisha kwamba chanjo inafanya kazi. Bila mbuzi hakuna chanjo, na bila chanjo kituo kingefungwa.

Naima hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwezi uliopita binti zake wawili walirudi na upele kutoka shule ya bweni, na kabla hajajua linaloendelea, nyumba nzima pale Mbagala ilikuwa inajikuna, yeye mwenyewe akiwemo. Aliwahi kupiga saluti mbele ya mkuu wake huku vidole vya mkono wa pili vikihangaika pajani. Aliitaka hiyo chanjo kuliko alivyotaka kumkamata mwizi, na alijijua.

Msaidizi wake, Koplo Elibariki, alimwita nyuma ya banda. Uzio wa waya ulikuwa umekatwa, tundu la mtu kupita akiinama. Naima alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ncha za waya moja baada ya nyingine. Hapakuwa na unyoya hata mmoja. Mbuzi watano wakikokotwa kupitia tundu kama lile wangeacha manyoya ya kujaza mto.

"Wametoka getini," alisema. "Huu waya umekatwa ili sisi tuuone. Funguo za geti anazo nani?"

"Mimi," alisema Daktari Fredrick. "Na Mwishehe, mhudumu wetu wa mifugo." Akasita, kisha akaongeza bila kumtazama inspekta usoni. "Sipendi kumtaja mtu. Lakini wamechagua walio safi tu, na sikukuu ndiyo hiyo inakuja. Nyie mnajua zaidi yangu. Mbuzi wa Idi hatakiwi kuwa na upele, au siyo?"

"Hatakiwi."

"Mwishehe alituambia sote kwamba mwaka huu atachinja."

Mwishehe aliletwa kituo cha polisi kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu chache, na harufu ya mbuzi iliingia chumbani kabla yake. Alikaa wima kwenye kiti na kujibu kila swali mara moja.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mbagala, kwa wakwe zangu. Daktari alinipa ruhusa."

"Uliiomba?"

"Alinipa tu. Alisema nimechoka, nikapumzike."

"Funguo zako?"

"Hizi hapa, afande. Sijawahi kumpa mtu."

"Ulisema mwaka huu utachinja."

"Nilisema. Na nitachinja, inshallah."

"Utachinja mbuzi yupi?"

Mwishehe alimtazama usoni. "Afande, wale mbuzi nimewalea mie tangu wanaachishwa maziwa. Nikichinja mmoja wao si nitakuwa nimechinja kazi yangu mwenyewe?"

Jibu lilikuwa zuri, lakini mahakama haiachii mtu kwa jibu zuri. Geti lilifunguliwa kwa ufunguo, ufunguo alikuwa nao, na mashahidi wake wote walikuwa ndugu wa mkewe. Naima alimweka mahabusu. Alijua njia inakoelekea: mtumishi akishtakiwa kumwibia mwajiri, dhamana ikikwama, Idi ataisikia kwa mbali akiwa ndani ya kuta za gereza la Ukonga. Jambo hilo lilimkaa vibaya, na hakujidanganya kwamba halimsumbui.

Alasiri akaja Hamisa, mke wa Mwishehe, na hotipoti ya wali mkononi. Alisalimia kwa adabu, akaweka hotipoti mezani, kisha adabu ikaishia hapo.

"Dada yangu, mume wangu hana shida na mbuzi wa mtu. Ameingia ng'ombe. Wako watu saba pale msikitini, wamechangia ng'ombe mmoja wa kuchinja, na yeye ni mmoja wao. Ng'ombe yupo, kafungwa nyuma ya msikiti. Nendeni mkamhoji na yeye."

Elibariki alitumwa. Ng'ombe alikuwepo kweli, na imamu aliwataja wale saba kwa majina bila kufikiri. Hilo halikumfungulia Mwishehe mlango, lakini lilimwacha Naima akijiuliza mtu aliyekwisha kupata fungu la ng'ombe anataka mbuzi watano wa nini.

Akamwomba Daktari Fredrick amtumie picha za mbuzi walioibwa, za kuwasambazia askari. Zikaja kwenye simu moja baada ya nyingine: wanene, wenye manyoya yanayong'aa, hereni ya bluu sikioni. Picha ya mwisho ilikuwa ya jike jeusi. Hereni yake ilihamishiwa sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto halikuwa zima. Kipande kama theluthi kilikuwa kimeondoka. Chini ya picha daktari aliandika kwamba aling'atwa na mbwa aliyeingia uani.

Naima akaiweka simu mbele ya Elibariki.

"Wewe ukiwa mwizi wa mbuzi wa Idi, huyu unamchukua?"

Elibariki alimkagua. "Mnene huyu. Namchukua."

"Kwa sababu wewe ni Mlutheri wa Machame. Mbuzi wa Idi anakaguliwa kuliko mkwe, Elibariki. Asiwe kiwete, asiwe chongo, asiwe na upele, na sikio lisiwe limekatika. Huyu hata umpe mtu bure, hamchinji kwa Idi."

"Basi ni mwizi wa nyama tu, afande. Wa nyama hajali sikio."

"Wa nyama hajali na upele vilevile. Ngozi inavuliwa, nyama inaliwa. Kwa nini apite banda la mbele lenye mbuzi watano, aende la nyuma?"

Elibariki aliivuta simu, akaiangalia picha upya.

"Mwizi wetu hakuwa anatafuta mbuzi safi," alisema Naima. "Alikuwa anatafuta hereni za bluu, zote, isibaki hata moja. Na aliyetaka tuamini ni wizi wa Idi, hiyo Idi anaijua kwa kusikia tu."

Funguo za geti zilikuwa kwa watu wawili. Mmoja alikuwa amekulia kwenye kuchinja, sikio la mbuzi analijua tangu utotoni. Alibaki wa pili. Naima hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Mtu aibe mbuzi wake mwenyewe, afukie kazi yake mwenyewe, kwa faida gani?

Jumatatu asubuhi Elibariki alikwenda kwa mama anayekaanga vitumbua mbele ya geti la kituo cha utafiti. Alimpa shikamoo yake, akala vitumbua viwili zaidi ya alivyohitaji, kisha akauliza kama Jumamosi jioni kuna gari lililoingia. Mama alisema liliingia, mara tu baada ya magharibi, ile pikapu ya Didas anayeletaga majani ya mbuzi.

"Nikashangaa mie," alisema mama. "Siku zote inaingia imejaa inatoka tupu. Juzi imeingia tupu imetoka imejaa."

Walimkuta Didas barabarani, Gongo la Mboto, pamoja na wauza mbuzi wengine wa msimu. Wenzake walikuwa na mbuzi kibao. Yeye alikuwa na mmoja tu, jike jeusi, aliyefungwa kwenye kigingi, anatafuna kipande cha boksi. Naima alimzuia Elibariki kwa mkono, wakasimama pembeni wakitazama. Mzee mmoja mwenye kanzu alikuja, akampapasa mbuzi mgongo, akamtazama meno, akaridhika. Kisha akashika sikio la kushoto. Akaliachia na kuondoka bila kuuliza hata bei.

"Tangu jana hivihivi," Didas alilalamika walipojitambulisha. "Kila mtu anashika sikio anaondoka. Wateja wa mwaka huu mie siwaelewi."

"Wengine wako wapi?"

"Wanne waliondoka kwa asubuhi moja, afande. Watu hata siwajui."

"Nani kakupa?"

Didas hakuwa na wasiwasi, na hapo ndipo Naima alipojua kwamba anasema kweli. Alisema daktari alimpigia simu na kumwambia utafiti umeisha, awauze kabla ya sikukuu, hereni azikate. Alikuwa amesisitiza kwamba Mwishehe asijue, kwa sababu amewazoea sana wale mbuzi na angehuzunika.

"Nikaona daktari ana roho nzuri," alisema Didas.

Daktari Fredrick alipoulizwa alikanusha yote kwa sauti ileile ya upole. Didas na Mwishehe ni marafiki, alisema, wamepanga pamoja na sasa wanamtupia yeye. Simu alipiga, ndiyo, lakini yeye humpigia Didas kila wiki kwa ajili ya majani. Yalikuwa maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine, na mmoja wao alikuwa daktari.

Usiku Naima alilala na swali moja, na asubuhi akaamka nalo. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuchukua nini? Damu. Basi kilichoogopwa kilikuwa kwenye damu. Alimwendea daktari wa mifugo wa wilaya, akaambiwa jambo ambalo kila mfugaji analijua: upele wa mbuzi una sindano yake, inauzwa kwenye duka lolote la dawa za mifugo, na inakaa kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kama mbuzi wa bluu walikuwa safi kwa sindano ile na si kwa chanjo, mwenye nao alikuwa na kila sababu ya kuwapoteza.

Jike jeusi akatolewa damu. Maabara ya serikali waliahidi majibu wiki ijayo. Naima akaenda kukaa kwenye benchi lao akiwa na sare yake kamili, akisalimia kila aliyepita, mpaka wakaona ni nafuu kupima. Mbuzi mwenyewe alifungwa uani kituoni akiwa kielelezo, na kabla ya jioni kielelezo kilikuwa kimekula maua yote ya mkuu wa kituo.

Majibu yalitoka siku ya Arafa, kesho yake ikiwa Idi. Naima aliyasoma akiwa amesimama, kisha akayasoma tena amekaa. Damu ya mbuzi yule haikuwa na dawa ya upele wala dalili yake.

Alijiona mjinga. Alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya hiyo damu, na damu imemkana. Mwishehe alikuwa bado yuko ndani, Hamisa amekaa kwenye ngazi za kituo tangu asubuhi na hotipoti nyingine. Naima alikunja karatasi ya majibu, akaitia mfukoni, akaagiza Daktari Fredrick aletwe.

Alimkaribisha kiti. Elibariki alikaa pembeni na kalamu.

"Daktari, tumempata mmoja. Yule mweusi."

Mikono ya Fredrick ilitulia juu ya meza. "Yu hai?"

"Yu hai. Hakuna aliyemtaka."

"Kwa nini?"

"Sikio. Ulituambia mbuzi wa Idi hatakiwi kuwa na upele, na ni kweli. Habari ya sikio hukuijua. Mwishehe anaijua."

Fredrick aliishusha mikono magotini.

"Tumemtoa damu," alisema Naima. "Imepimwa."

Hakusema uongo. Alisema hayo tu, akanyamaza, na kunyamaza kwa Naima kulikuwa kunajulikana wilaya nzima. Fredrick alifumba macho. Alipoyafumbua alionekana amezeeka kidogo, lakini pia kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi mmeiona dawa," alisema.

Elibariki aliinua kichwa. Naima alimtazama mara moja, na koplo akarudi kwenye karatasi yake.

"Tueleze mwenyewe," alisema Naima.

Alieleza. Wiki ya pili baada ya kupaka wadudu, mbuzi wa bluu walianza kujikuna. Wote watano. Vipele vyekundu vikatokea ubavuni, kama kwa wale wasiochanjwa. Alikuwa ameshaona chanjo mbili za mwanzo zikishindwa namna hiyohiyo, na wafadhili walikuwa wamemwambia ya tatu ndiyo ya mwisho. Jumapili moja, Mwishehe akiwa nyumbani kwake, aliingia bandani na sindano ya dukani.

"Ulitaka sifa?"

"Sifa?" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Nilikuwa na mdogo wangu, Adelina. Alipata upele, akajikuna, vikawa vidonda, vidonda vikaenda kwenye figo. Alivimba uso, akafa. Alikuwa hajaanza shule. Majirani walisema amerogwa. Hakurogwa, afande. Ulikuwa upele tu, huu huu ambao watu wanaucheka." Akavuta pumzi. "Nilitaka muda. Wanipe mwaka mwingine, nirekebishe chanjo, nirudie kwa haki. Halafu nikaambiwa wakaguzi watapima damu."

"Ukamtafutia Mwishehe ruhusa."

"Nilijua atatoka. Hana hatia."

"Angetolewa na nani, daktari? Na wewe?"

Naima alimwonea huruma kwa ajili ya mdogo wake, na alimkasirikia kwa ajili ya mwanamke aliyekaa kwenye ngazi, yote kwa wakati mmoja.

"Uliwachoma wote?" aliuliza.

"Wote waliokuwa bandani."

"Na mweusi?"

"Mweusi hakuwepo. Mbwa alikuwa amemng'ata wiki hiyo, alikuwa stoo anauguza sikio. Nilisema nitamchoma akirudi."

"Ukamchoma?"

"Hapana. Aliporudi alikuwa ameacha kujikuna, vipele vimekauka. Hakuhitaji."

Akasikia alichokisema.

Naima alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaisukuma mbele yake. "Damu yake haina dawa," alisema. "Soma."

Fredrick alisoma. Kidole chake kilifuata mstari mmoja mpaka mwisho, kikarudi mwanzo, kikaufuata tena. Nje mbuzi alisikika akilia kwa njaa.

"Walikuwa wanajikuna kwa sababu ilikuwa inafanya kazi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ngozi ya aliyechanjwa inapigana na mdudu kwanza, ndipo inamshinda. Inawasha. Nilitakiwa kusubiri."

"Kwa hiyo chanjo ipo?"

"Mbuzi mmoja si ushahidi, afande. Mmoja anaweza kupona kwa bahati yake. Watano ndio wangekuwa ushahidi." Aliiweka karatasi chini taratibu. "Nilikuwa nao watano."

Alilia, bila sauti, mtu mzima amejiinamia, na Elibariki akatazama ukutani mpaka alipomaliza. Kisha daktari akaonywa kisheria, akatoa maelezo yake tangu mwanzo, akayasaini kila ukurasa. Angeshtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake na kwa kutoa taarifa ya uongo polisi. Naima alimweleza hayo kwa maneno machache, naye akaitikia kwa kichwa. Mlangoni, akiwa tayari anapelekwa mahabusu, aligeuka.

"Yule mweusi. Nakuomba, kesho asichinjwe."

"Kwa sikio lile, daktari," alisema Naima, "kesho hakuna mbuzi aliye salama kama yeye Dar es Salaam nzima."

Mwishehe alitolewa kabla ya magharibi. Naima alimwomba radhi, na alimwomba mbele ya mkewe, jambo ambalo polisi wengi hawalipendi. Mwishehe alisema yamekwisha. Hamisa hakusema yamekwisha. Kwa kuwa kituo hakikuwa na majani, na maua yalikuwa yameisha, Mwishehe alikabidhiwa kielelezo, yule mbuzi, amtunze mpaka siku ya kesi. Alimpapasa ubavuni pale palipopakwa wadudu, akamfungua kamba, wakaondoka wote watatu.

Naima aliwatazama mpaka wakakata kona. Kisha akaangalia saa, akaharakisha kwenda duka la dawa kabla halijafungwa, awanunulie binti zake dawa ya kupaka, ile ile ya kila mwaka.